Bafu Alilomjengea Mamake

Kiragu alikuwa mtu wa mabafu. Ndiyo kazi iliyomlisha. Katika duka moja kubwa la vifaa vya bafu kule Westlands, yeye ndiye aliyeketi na wateja, akawasikiliza, kisha akawachorea: sinki hapa, choo pale, shawa kule mwisho, mbali na mlango. Mabafu mengi mapya ya Kitisuru, ukiyachunguza, yana mkono wake. Matajiri walimpigia simu Jumapili akiwa kanisani kumuuliza kama kioo kikae juu ya sinki au kando. Naye alitoka nje akawajibu kwa upole, maana kazi yake aliipenda, jamani, aliipenda kama wengine wanavyopenda mpira.

Sasa njoo uone bafu lake mwenyewe. Nyumba ilikuwa mtaa wa Jamhuri, hapa Nairobi, ameachiwa na marehemu baba yake, na bafu lilikuwa lile lile la tangu nyumba ijengwe: sakafu ya simiti nyekundu iliyopasuka, kizingiti kirefu mlangoni cha kuzuia maji yasitoke, na shawa iliyotema maji kama mzee anayekohoa. Choo kilikuwa chumba kingine pembeni, chembamba, ukikaa magoti yanagusa mlango. Mganga hajigangi. Kiragu alikuwa kapera wa miaka arobaini na kitu, anaoga mbio asubuhi, anaenda zake kuwachorea wengine. Usiniulize kwa nini hakuoa. Hata mamake alichoka kuuliza.

Halafu huyo mamake akaanguka. Jina lake Nyakio, mjane, mtu wa Gikambura, na siku hiyo alikuwa akikata nyasi ya ng'ombe. Kiharusi kilimchukua upande wa kushoto: mkono ukalala kabisa, mguu ukawa wa kukokota. Ulimi, Mungu ashukuriwe, kiliuacha. Kiragu alikuwa mtoto pekee aliyebaki. Mkubwa wake alifariki akiwa mdogo, na dada hakujaliwa. Akamtoa mama Gikambura, akamtandikia kitanda chumba cha chini Jamhuri, akamwajiri binti mmoja, Shiko, amtunze mchana.

Nyakio alikubali kupikiwa. Alikubali kuvalishwa viatu, na siku mbaya hata kulishwa. Kuogeshwa, hapana.

"Nimeosha watoto," alimwambia mwanawe. "Nimemwosha nyanya yako aliyenizalia mume, mpaka akafa mikononi mwangu. Nimeosha maiti. Lakini mimi sijaoshwa na mtu tangu nianze kutembea, na sitaanza leo."

Shiko alijaribu mara moja, kwa upole wote wa dunia, na bibi yule akalia. Si kulia kwa hasira. Kulia kwa kweli, kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Shiko naye akatoka chumbani akilia, na mambo yakaishia hapo. Tangu siku hiyo Nyakio alijifungia chumbani na beseni, akajipangusa kwa kitambaa na ule mkono wake mzima. Lakini hebu fikiria: mkono wa kulia unaweza kuosha mwili wote, ila hauwezi kujiosha wenyewe. Na mgongo je? Baada ya muda chumba kikaanza kuwa na harufu. Akina mama wa kanisa wakija kumwona, anasema waambiwe amelala. Kanisani kwenyewe akaacha kwenda, yeye ambaye hakuwahi kukosa hata msimu wa mvua.

Na mwanawe? Wacha hiyo. Kwao mwana wa kiume kuona uchi wa mamake si aibu tu, ni laana inayomfuata mtu mpaka kwa wajukuu. Tena Kiragu alipewa jina la babake Nyakio, ndiyo desturi ya mtoto wa kiume wa pili, kwa hivyo tangu akiwa wa kunyonya mamake alimwita "baba". Ungemwambia Nyakio aoshwe na mwanawe, ungekuwa umemwambia aoshwe na babake pia. Na kama desturi haikutosha, kulikuwa na Biblia. "Wana wa Nuhu walitembea kinyumenyume kumfunika baba yao," alisema. "Yule aliyetazama unajua yaliyompata."

Kiragu alijua. Alisimama usiku kwenye korido akinusa ile harufu, harufu ya mama yake, mtu aliyekuwa akimsugua masikio mpaka yanawaka kila Jumamosi, na moyo ukamuuma vibaya sana. Hapo ndipo alipoamua. Hakutaka makuu. Alitaka kitu kimoja: mamake aoge mwenyewe, peke yake, mlango umefungwa.

Kwanza alimpeleka dukani Westlands achague. Akamsukuma kwenye kiti cha magurudumu kati ya sinki na mabomba yanayometameta, na bibi akageuza shingo huku na huku kama mtu aliyepelekwa harusi ya asiowajua. Walipofika kwenye bafu la maonyesho lenye kuta za kioo kitupu, akapiga breki kwa mkono wake mzima.

"Baba, hii ni nini?"

"Ni bafu, Maitu," akasema, yaani mama kwa lugha ya kwao. "Watu wa Kitisuru wanalipenda."

"Kuta za kioo? Kwani wanaogea sokoni?" Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na wauzaji nao wakacheka. "Atiriri! Ukiniwekea kioo nitarudi kwa ng'ombe zangu leo leo."

Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu alipoanguka. Akachagua vigae vya rangi ya ndizi mbivu, Kiragu akamwambia hivyo havitelezi hata vikimwagiwa sabuni, naye akasema utelezi haumhusu, yeye amependa rangi.

Kisha akampima. Alimketisha sebuleni kwenye kiti, amevaa nguo zake zote na kitambaa kichwani, akamwambia anyooshe mkono wa kulia: juu, mbele, kando, chini. Kila unapofika, Kiragu anatia alama ya chaki ukutani, bila kumgusa. Alama zile ndizo zilizokuwa ramani. Ukuta kati ya choo na bafu ukavunjwa, vikawa chumba kimoja chenye nafasi ya kugeuza kiti. Kizingiti kikang'olewa, sakafu ikawa sawasawa kutoka korido hadi ndani, na mteremko mdogo tu wa kupeleka maji kwenye tundu. Akamjengea benchi la simiti lenye vigae, kwa urefu wa goti lake. Vyuma vya kushikia akavikita kwenye mawe, si kwenye plasta, maana plasta inabanduka. Shawa ikawa ya kushika mkononi, na mfereji wa kuchanganya maji akauweka pale pale anapofikia akiwa ameketi, afungulie maji na kuyaonja kabla hayajamgusa. Na ukutani, usawa wa kiwiko, akapachika brashi laini isiyosogea. Ya nini? Ya ule mkono wa kulia. Angeusugulia pale, juu chini, mpaka utakate.

Nakwambia, katika mabafu yote aliyowahi kuchora, hakuna aliloliwazia kama hilo.

Ugomvi ulikuja kwenye mlango. Nyakio alitaka komeo, lile la chuma, la kusukuma kutoka ndani. Kiragu akakataa katakata. Akamweleza kwamba bafu la mtu asiye na nguvu halifungwi kwa komeo, na mlango wake hufunguka kwa nje, ili mtu akianguka asiuzuie. Akamwonyesha kitasa kingine: ndani unafunga kama kawaida, lakini nje kina mfuo mdogo, ukitia sarafu ukazungusha, kinafunguka.

"Na nani atazungusha hiyo sarafu?" mama akauliza.

"Mwanamke. Shiko akiwepo. Au Millicent."

Millicent alikuwa jirani wa nyumba ya pili, mtu wa Siaya, muuza mitumba soko la Toi, mama wa watu wazima. Nyakio alimpenda kwa sababu hakuwa anaongea naye kama mgonjwa.

"Millicent sawa, ni mama mwenzangu," akasema. "Lakini si wewe."

"Si mimi."

"Hata nikipiga kelele?"

"Maitu..."

"Baba, niahidi. Nikifa humo, nife. Usinikute uchi."

Kiragu akamwahidi. Angefanyaje? Alikuwa ameshaona vigae vimekauka, maji ya moto yako tayari, na mamake ameshika taulo mapajani akingoja neno moja tu. Ni nani asingesema ndiyo?

Siku ya kwanza bibi alikaa humo ndani mpaka Kiragu akaanza kukata kucha kwa meno. Kisha akasikia wimbo. Nyakio alikuwa akiimba wimbo wa kanisani, sauti imepinda upande mmoja kama mdomo wake, maji yakichuruzika. Alipotoka, amevaa gauni kavu, uso unang'aa, alipita mbele ya mwanawe kwenye kiti chake bila kusema asante. Alisema tu, "Ile brashi umeiweka vizuri." Kiragu akaingia jikoni, akawasha jiko, akasimama pale akilia kwa furaha juu ya sufuria ya chai.

Basi maisha yakarudi. Jumapili ya kwanza alikwenda kanisani akinukia sabuni, na jioni akina mama wakamfuata nyumbani, kundi zima, kuja kuona hilo bafu alilolisifu mpaka wakachoka. Walipanga foleni kwenye korido. Mmoja aliketi kwenye benchi na nguo zake za ibada na kofia, akanyoosha mkono kwenye mfereji, akasema, "Ngai, hata mimi ningepooza kidogo!" Wengine wakamkemea, Nyakio akacheka kuliko wote. Kila asubuhi tangu hapo Kiragu aliutegea ule wimbo sikio. Ukisikika, yuko salama, na yeye anaweza kunywa chai.

Ikaja Jumamosi moja. Shiko hakuwa kazini, Jumamosi ilikuwa siku yake ya kupumzika. Wimbo ulianza kama kawaida, ukafika katikati, ukakatika. Kikasikika kishindo.

"Maitu?"

Maji tu.

"Maitu!"

"Nimeanguka." Sauti ilikuwa ndogo, inatoka chini kabisa. "Mwite Millicent."

"Umeumia?"

"Mwite Millicent, baba. Usiingie."

Akampigia Millicent. Simu ikalia mpaka ikakata. Akapiga tena. Yuko sokoni, watu wamemzunguka, atasikiaje? Kiragu akatoa sarafu mfukoni. Mlango ule alikuwa ameuchora yeye. Aliujua kuliko alivyoujua mlango wake wa mbele: robo mzunguko tu, basi. Akaitia kwenye mfuo. Akaiacha. Akawaza kufumba macho. Akawaza kuingia kinyumenyume, kama wana wa Nuhu. Lakini macho utayafumba, na mikono je? Mtu aliyeanguka haamki kwa kutazamwa, anainuliwa kwa mikono, na mikono nayo inaona. Tena alikuwa ameahidi. Akaitoa sarafu.

"Nakuja, Maitu! Naenda kumleta!"

Akatoka mbio, miguu mitupu.

Hapa ndipo ninapotaka kumshika mtu shati nimtikise, lakini nimtikise nani? Lango la kwanza alitoka mwanamume mwenye mbwa, mke amekwenda shagz, kijijini kwao. Lango jingine binti wa kazi alimchungulia kupitia tundu, akamwona mtu mzima anahema hana viatu, anasema anataka mwanamke aje naye nyumbani kwake haraka. Wewe ungefungua? Akamwambia mama mwenye nyumba hayuko, akarudi ndani. Dada mmoja kwenye gari alipandisha kioo. Kiragu alikimbia mpaka barabara ya lami akiita kama mwendawazimu, "Mama yangu ameanguka, naomba mwanamke! Mwanamke yeyote!" na watu wakampisha njia. Watu wa Nairobi tunaogopa, ndiyo ukweli. Mwishowe alimwona Millicent anashuka kwenye boda, gunia la nguo mgongoni. Simu alikuwa ameiona akiwa njiani, akawa anakuja. Alipoona ile miguu mitupu hakuuliza swali. Alitupa gunia hapo hapo, wakakimbia.

Sarafu bado ilikuwa kwenye ngumi ya Kiragu. Millicent akaichukua, akazungusha, akaingia, akaufunga mlango nyuma yake. Kiragu akageukia ukuta wa korido. Akasikia maji yanafungwa. Akasikia maneno ya chini chini. Kisha mlango ukafunguka.

"Ingia bwana, haraka! Amefunikwa!"

Mamake alikuwa chini kando ya benchi. Gauni lake lilikuwa limetandazwa juu yake kutoka kidevuni hadi miguuni, limelowa chepechepe, upande mmoja limekunjwa chini ya mwili vizuri, kama mtu anavyomchomekea mtoto blanketi. Midomo ilikuwa ya kijivu. Alimtazama mwanawe lakini hakusema kitu, na hakusema tena. Wakambeba wawili hadi kwenye teksi. Hospitalini waliwaambia mguu umevunjika juu kwenye nyonga, na kiharusi kingine kimepiga, na cha pili kinataka mbio, kila dakika ina kazi yake. Daktari, kijana tu, aliuliza mbona wamechelewa. Millicent akasema, "Tulikuwa tunatafuta mtu." Nyakio alifariki kabla ya jioni.

Tulilelewa tukiambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kiragu alisikia. Guu lililovunjika likawa la mkuu mwenyewe.

Na kwenye mazishi, kule Gikambura, walimsifu! Hilo ndilo lililommaliza. Wazee wa ukoo walisimama mmoja baada ya mwingine wakasema huyu ndiye mwana, vijana wa siku hizi wangebomoa mlango wakaingia bila haya, lakini huyu alimlindia mamake heshima mpaka mwisho. Mhubiri akasoma habari za Nuhu na wanawe. Akina mama wakaitikia amina. Kiragu alikaa mbele, mikono kati ya magoti, kila amina ikimshukia kama kofi. Hata hivyo kulikuwa na jambo moja alilolishika, na ndilo lililomwezesha kula na kulala kidogo: mamake hakuaibika. Alitaka asikutwe uchi na mwanawe, na hakukutwa. Angalau hilo alimpa.

Matanga yalipoisha alirudi Jamhuri. Millicent akamletea samaki na ugali, akakaa naye jikoni, maana hakutaka ale peke yake. Mlango wa bafu ulikuwa wazi kule mwisho wa korido na vigae vya njano vinaonekana. Kiragu alikula matonge mawili, akaweka mkono chini.

"Mama Millicent, sijakushukuru," akasema. "Ulimsitiri mama yangu. Kabla ya kuniita uliwaza kumfunika kwanza. Sitasahau hiyo maisha yangu yote."

Millicent akaacha kutafuna. Akatazama sahani.

"Kula kwanza."

"La, wacha niseme. Ulimfunika vizuri, hata ukamchomekea upande. Mtu mwingine asingefikiria."

"Kiragu." Akanawa mikono kwenye sinki polepole, akaifuta kwa leso, akarudi akaketi. "Haki mimi nilikuwa nataka kunyamaza. Lakini sasa unanishukuru kitu si yangu, na Mungu anaona."

"Kitu gani?"

"Si mimi nilimfunika. Nilimpata hivyo."

Kiragu akamtazama tu, haelewi. Mkono ule mmoja. Gauni lilikuwa limetundikwa ukutani, juu. Angelivuta vipi akiwa chini, mguu umevunjika? Angelitandaza vipi, akajichomekea upande ule usiosikia kitu?

"Alijifunika mwenyewe," Millicent akasema, machozi yanamtoka bila kelele. "Sijui alifanya aje. Mlango ukifunguka, alifikiria ni wewe. Akiona ni mimi, akaniambia, 'Nimemwita baba aingie. Nimemwita na nimemwita. Nimejifunika tayari. Mbona haji?'"